Somo: Fildi (mafunzo kwa vitendo) ya mauzo ya pembejeo, Iringa na Mbeya (wanachuo, someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila Juni naulizwa jambo lilelile. Naandika mara moja.

1. Barua ya chuo ipeleke mapema kwa kampuni. Posho mkubaliane kabla ya kuripoti. Wengine hawatoi hata nauli.

2. Jua msimu. Julai hadi Septemba huku ni kiangazi, usizunguke na mbegu za mahindi. Mteja wako ni mwenye shamba la kumwagilia: nyanya za Ilula, mboga za mabondeni.

3. Salamu kwanza, bidhaa baadaye. Iringa "kamwene", Tukuyu "ugonile".

4. Shamba la mfano. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikwenda na dawa ya kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, nikaazima bomba la kupulizia la mwenye shamba bila kuuliza lilipulizia nini. Siku mbili nyuma lilipulizia 2,4-D, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi ya kumwagilia. Nikalisuuza kwa maji mara moja, nikapiga mistari minne ya nyanya. Wiki haikuisha, majani machanga yakawa membamba, yamejikunja, mashina yamepinda kama kamba. Mama mwenye shamba hakufoka. Alishika jani, akalinyoosha kwa vidole, likajikunja tena. Nilimlipa kwa posho yangu, na majirani zake hawakununua kwetu msimu ule.

ONYO: Nenda na bomba lako. Bomba la magugu lipake rangi, lisiguse mboga kamwe. Maji matupu hayatoshi kulisafisha. Na kifuniko cha soda si kipimo cha dawa!

5. Daftari kila siku: jina, zao, ekari, alichonunua. Mali kauli (bidhaa kwa mkopo) usitoe bila sahihi.

MASWALI

Mwaka wa pili: Mkuu, posho shilingi ngapi?
– Hatua ya 1. Soma.

Mwenye duka, Makambako: Unasingizia bomba. Dawa yako ilikuwa kali.
– Hapana. Kesho yake nilipiga mistari ya pembeni kwa bomba jipya, dawa ileile, kipimo kilekile. Mistari hiyo haikudhurika.

Binti Uyole: Kaka, mbona mahindi hayakudhurika?
– Umeuliza vizuri, dada. 2,4-D inaiga homoni ya ukuaji. Mmea wa majani mapana unakua ovyo hadi unajiharibu. Mahindi ni jamii ya nyasi, yanaivumilia. Nyanya ni nyepesi mno kudhurika, hata upepo ukileta dawa kutoka shamba la jirani zinaumia. Usichanganye na virusi: virusi huanza mche huku, mche kule. Hii inafuata njia uliyopita na bomba.

Mgeni kutoka Tanga: Nimepangiwa Makete. Nije na nini?
– Koti zito na gambuti. Julai asubuhi unaweza kukuta barafu juu ya nyasi.

Binti Uyole: Na bodaboda mpatane ya siku nzima. Ukilipa kila kituo, Jumatano huna nauli.