Kabla Hujalipia Warsha ya Uandishi: Namna ya Kumsoma Mwezeshaji

Ninaratibu warsha za waandishi Dar es Salaam, na simu karibu zote zinazokuja kabla ya warsha huanza na swali moja: "Anakuja nani?" Nikitaja jina kubwa, mtu analipa ada siku hiyohiyo. Nikitaja mhariri asiyejulikana nje ya ofisi yake, naambiwa, "Sawa dada, nitakupigia." Wengi hawapigi tena.

Mwaka mmoja niliwafuata hao wapigaji simu. Nilimwalika mwandishi mashuhuri, ukumbi ukajaa, kila mshiriki akaja na mswada wake. Yule bwana alizungumza saa tatu nzima juu ya maisha yake, kwa ufasaha kweli, kisha akapiga picha na watu akaondoka. Jioni binti mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Tanga alinionyesha bahasha yake, bado imefungwa kwa gundi. "Dada, nimekuja nayo, na narudi nayo." Kosa lilikuwa langu. Sikuwa nimeuliza kama mgeni wangu amewahi kukaa na mswada wa mtu mwingine akaushughulikia. Hatua zilizo hapa chini nilizipata baada ya siku ile. Ninazitumia ninapoalika, nawe unaweza kuzitumia kabla hujatoa ada na nauli.

Hatua ya 1: Andika swali lako, moja tu

Kabla hujasoma wasifu wa mtu yeyote, chukua karatasi uandike kinachokukwamisha. "Sura yangu ya tatu inapooza." "Mchapishaji amenipa mkataba na siuelewi." "Nimekataliwa mara mbili bila kuelezwa sababu." "Nataka kujichapishia." Hayo ni maswali manne, na wanaoweza kuyajibu ni watu wa kazi tofauti kabisa. Ukienda na "nataka kuwa mwandishi bora", utamsikiliza yeyote, utafurahi, na Jumatatu utarudi kwenye sura ileile ya tatu.

Hatua ya 2: Tafuta alichofanya na kazi za wengine

Wasifu kwenye tangazo la warsha huandikwa na mwenye wasifu au na sisi waratibu, na wote tuna sababu ya kuupamba. Chukua kalamu, pigia mstari vitenzi tu. Ameandika nini? Amehariri nini? Amechapisha kazi za nani? Amefundisha wapi, kwa muda gani? Maneno kama "nguli", "mbobezi" na "mwenye maono" yaruke. Kinachobaki ndicho wasifu.

Nitakupa mfano unaonionyesha kila mara kwa nini jambo hili lina uzito. Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Chuo cha Makerere, Kampala. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, James Ngugi, ambaye leo tunamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimfikishia Chinua Achebe mswada wa riwaya yake. Achebe alikuwa na miaka 31, ameshatoa riwaya mbili, na kazi yake ya kila siku ilikuwa redioni, katika shirika la utangazaji la Nigeria. Kama wasifu wake ungeishia hapo, kijana yule angepata ushauri na labda maneno ya kumtia moyo. Lakini mwaka huohuo Achebe alianza kuwa mshauri wa uhariri wa mfululizo mpya wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann, kazi aliyoifanya hadi 1972. Aliusoma mswada, akaupendekeza, na riwaya ikatoka mwaka 1964. Mlango ulifunguliwa na ile kazi ya pili, ambayo hata tangazo zuri lingeweza kuiweka mstari wa mwisho.

Mkutano ule unaniuma kwa sababu nyingine pia, na siwezi kuupita bila kuitaja. Kwa kuwa ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, Shaaban Robert, mwenye mashairi na nathari ambazo hadi leo tunazisoma, hakuwa na nafasi ndani yake. Alifariki mwezi huohuo wa Juni. Kwa hiyo unapousoma wasifu, tazama pia lugha. Mtu aliyehariri riwaya 20 za Kiingereza anaweza asione kwamba mhusika wako wa Pemba anaongea kama mtu wa Arusha.

Hatua ya 3: Mweke kwenye kundi lake la kazi

Makundi haya huingiliana, lakini anza nayo.

Mwandishi atakueleza vizuri namna yeye anavyofanya kazi. Ni tunu kwa aliyekwama katikati ya mswada. Asipokuwa na uzoefu mwingine, usimtarajie akufafanulie mkataba.

Mwandishi aliye mwalimu pia ana faida ya pekee: ameona makosa yaleyale kwa wanafunzi wengi. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent kwa zaidi ya miaka 30. Ila mhadhiri wa fasihi huenda amezoea kuchambua kitabu kilichokamilika. Mshiriki wa warsha ana kitabu ambacho bado hakijasimama. Muulize anafundisha uchambuzi au uandishi bunifu.

Mhariri ndiye ninayempigania kuliko wote. Jina lake halipo kwenye jalada, na watu hawaji kwa ajili yake, lakini ndiye anayejua mswada ulikuwaje kabla haujawa kitabu. Toni Morrison alikuwa mhariri wa kampuni ya Random House kwa miaka mingi, akiandika riwaya zake wakati huohuo, na aliiacha kazi hiyo mwaka 1983. Kwenye warsha, mtu wa aina hiyo mpe swali la sura ya tatu.

Mchapishaji anajua fedha, soko na mikataba. Walter Bgoya aliongoza Tanzania Publishing House tangu 1972 hadi 1990, kisha akaanzisha kampuni yake, Mkuki na Nyota, mwaka 1991. Hebu fikiria maswali unayoweza kumuuliza mtu aliyeendesha uchapishaji chini ya shirika la umma, kisha akauendesha kwa mtaji binafsi. Hapa kuna mtego lakini. Mchapishaji na mchapaji ni watu wawili. Mchapaji ana mashine, anakutoza, anakukabidhi nakala. Mchapishaji anachagua mswada, anagharimia uhariri, jalada na usambazaji, kisha anakulipa mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo ya kitabu chako. Nimekutana na zaidi ya mmoja wanaojiita wachapishaji huku kazi yao yote ni uchapaji wa kulipiwa. Uchapaji ni kazi halali, na kama unataka kujichapishia, huyo ndiye wa kukaa naye. Afadhali uwe unajua unakaa na nani.

Na wapo waliobeba kofia zote. Ben Mtobwa aliandika riwaya za upelelezi zilizopendwa sana na pia alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Mtu wa namna hii ukimpata, muulize kitabu kilichomtia hasara kuliko vyote na kwa nini.

Hatua ya 4: Kishike kitabu chake mkononi

Nenda maktaba au duka la vitabu. Mimi hupenda kwenda lile duka la Tanzania Publishing House (TPH), Mtaa wa Samora. Chukua kitabu cha mwezeshaji, acha jalada, fungua ukurasa wa haki miliki, ule wenye maandishi madogo. Angalia mambo matatu.

Kwanza, nani mchapishaji. Je, ni jina unaloliona kwenye vitabu vya waandishi wengine pale rafuni, au liko kwenye vitabu vya mtu mmoja tu?

Pili, ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Vitabu tangu 2007 vina tarakimu 13. Nyingi huanza na 978, kisha hufuata namba ya nchi: 9976 au 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Kisha huja namba ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe, na tarakimu moja ya mwisho ya kuhakiki. Ukiondoa 978, namba ya nchi na ile ya mwisho, zinabaki tarakimu tano za kugawana. Mchapishaji aliyepewa namba ya tarakimu mbili amebakiwa na tatu, yaani nafasi ya vitabu 1,000. Aliyepewa ya tarakimu nne amebakiwa na moja: vitabu 10. Vistari kati ya namba ndivyo vinavyokuonyesha mgawanyo huo. Hii si hukumu, maana kampuni ndogo imewahi kutoa kitabu kikubwa, lakini mtu akijitambulisha kama mwenye kampuni iliyotoa "mamia ya vitabu", namba hii itakuambia kama uendelee kuuliza.

Tatu, ukurasa wa shukrani. Huu watu huuruka, nami ndio ninaouanza. Kama unataka kumjua mhariri, soma shukrani za vitabu alivyofanyia kazi. Mwandishi akiandika kwamba fulani alimrudishia mswada mara nne, nimeshapata mwezeshaji.

Hatua ya 5: Tuzo, kwa kipimo

Soma tuzo ilitolewa kwa nini. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 na ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mshindi wake anaweza kukusaidia sana katika kuandaa mswada wa kushindaniwa: urefu, usafi wa lugha, mwanzo unaomshika jaji. Aliyekuwa jaji wa tuzo yoyote ni bora zaidi kwa swali la "kwa nini nimekataliwa", kwa sababu amesoma miswada mingi mfululizo na anakumbuka alichoka ukurasa gani.

Kutokuwa na tuzo si kasoro. Kampala kuna FEMRITE, umoja wa waandishi wanawake uliozinduliwa mwaka 1996, wenye kikundi kinachokutana kila Jumatatu kusomeana na kukosoana. Mtu aliyekaa kwenye mduara wa aina hiyo kwa miaka mitano, hata kama ana hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa, namwalika bila kusita.

Hatua ya 6: Uliza mratibu, uliza na waliopita

Mpigie mratibu na umuulize waziwazi: mwezeshaji atasoma kurasa zetu kabla ya siku hiyo? Ngapi? Atatoa maoni kwa maandishi? Mratibu anayejua kazi yake hatakasirika. Kisha tafuta mtu mmoja aliyewahi kufundishwa na mwezeshaji huyo. Usimuulize kama alifurahi. Muulize alibadilisha nini kwenye mswada wake baada ya hapo.

Kwa mchapishaji nina swali langu la kumpima. Mwambie: "Ukinipa mrabaha wa asilimia 10, ni asilimia 10 ya nini?" Chukua kitabu cha shilingi 15,000. Asilimia 10 ya bei ya rejareja ni 1,500. Lakini kama mchapishaji analiuzia duka kwa punguzo la asilimia 40, anapokea 9,000, na asilimia 10 ya hapo ni 900. Tofauti ya shilingi 600 kwa kila nakala. Aliyeandaa mikataba kweli atakujibu papo hapo, na huenda akachukua karatasi akuchoree. Anayejibu kwa kukuhimiza upende sanaa kwanza, usimpe mswada wako.

Hatua ya 7: Panga vipindi vyako

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza. Chagua kipindi kimoja cha lazima, cha mtu anayelingana na swali lako, hata kama saa hiyohiyo ukumbi wa pili kuna mashuhuri. Chapa kurasa tano, usibebe mswada mzima. Juu ya ukurasa wa kwanza andika swali lako kwa sentensi moja, pamoja na namba yako ya simu. Mkabidhi wakati wa chai ya saa nne, kabla watu hawajamzunguka, na bahasha iache wazi.