Kabla hujapangisha vyumba kwenye nyumba unayoishi

Dar es Salaam watu wengi wanaanza kupangisha hivihivi. Watoto wameondoka, vyumba viwili vimekaa bure, dalali anapita na kusema Tabata hii chumba hakimalizi wiki bila mtu. Kweli hakimalizi. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba mpya huwa amekiandaa chumba tu: rangi, marumaru, dirisha la aluminiamu. Vile atakavyotumia kila siku pamoja na huyo mpangaji, yaani umeme, maji, choo na geti, hajavigusa. Na ugomvi wa nyumba za kupanga huanzia huko, chumba chenyewe mara nyingi hakina kesi.

Kabla ya kumpigia dalali, malizaneni ndani. Nyumba ya familia huwezi kuipangisha kimyakimya bila ridhaa ya mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataja kupangisha sambamba na kuuza na kuweka rehani. Kama ni nyumba ya marehemu mzee na ndugu mko wanne, hakikisheni msimamizi wa mirathi yupo na mmekubaliana kodi inaingia mfukoni kwa nani. Mpangaji akishaingia, kila ndugu anakuwa mwenye nyumba, na kuna siku atakuja mmoja wao kudai kodi ambayo mwingine alishaichukua.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo. Nyumba yenye matumizi madogo inaweza kuwa daraja la D1 la TANESCO, shirika la umeme. Kwa bei zilizoanza 2016, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo ni shilingi 350, bado VAT na tozo. Chukua familia inayotumia uniti 60: inalipa 6,000. Wanaingia wapangaji watatu, na kila mmoja ana hita ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, wati 1,500. Anaichomeka alfajiri dakika ishirini, akaoge maji ya moto aende kazini. Hiyo ni nusu uniti. Watatu ni uniti moja na nusu kwa siku, uniti 45 kwa mwezi, na bado hujagusa pasi, friji wala redio. Jumla mmefika 105. Bili iliyokuwa 6,000 imekuwa 18,000, na mkizoea kuvuka 75, mnahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292 tangu ile ya kwanza. Hapo ni zaidi ya 30,000. Ukiwa ulishawaambia wachangie elfu tatutatu, utabaki unanung'unika jikoni peke yako.

Kwa hiyo weka mita ndogo kila chumba kabla ya mtu kuhamia, na afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, si yule kijana wa mtaani anayeunga waya kwa plasta. Kama pesa ya mita haijapatikana, basi mkubaliane kwa kifaa: mwenye hita na friji achangie zaidi ya mwenye taa na chaji ya simu. Tena uwaambie mapema kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mpangaji akinunua umeme wa wote na kukuta pesa imepungua, atadhani unamla. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, mrudishie.

Maji ni hesabu ya simtanki. Lita 1,000 zinazowatosha watu wanne kwa siku kadhaa, watu tisa watazimaliza haraka, na Dar mgao ukija hauna taarifa. Wanaofua Jumamosi wote kwa pamoja ndio watakaokufundisha. Choo cha pamoja nacho kinajaa mapema kuliko ulivyozoea. Amua leo nani analipia gari la kunyonya. Mimi naona alipe mwenye nyumba na aliingize kwenye kodi, kwa sababu kuchangisha hela ya choo ni kazi ya aibu na kila mtu siku hiyo amesafiri.

Geti linahitaji maneno ya wazi kuliko yote. Linafungwa saa ngapi? Anayefanya kazi zamu ya usiku anapewa funguo? Mgeni wa kulala anaruhusiwa siku ngapi kabla hajawa mpangaji wa pili? Kama una mabinti nyumbani na hutaki kijana akae uani kifua wazi, mwambie siku anapokuja kuona chumba. Akiona masharti ni mazito atakwenda kwingine, na hiyo ni nafuu kwenu wote.

Dalali kazi yake ni kuleta mtu. Kumjua huyo mtu ni kazi yako. Omba nakala ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, jua anafanya kazi wapi, chukua namba ya ndugu yake mmoja na uipige pale pale. Halafu mpeleke kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa aandikishwe. Kuna wenye nyumba wanaona ni usumbufu, mpaka siku polisi wanagonga kuuliza jina la mpangaji ambaye mwenye nyumba anamjua kama "Baba Junia" tu.

Mkataba uandikwe hata kama ni mtoto wa rafiki yako. Uwe na kiasi, muda, notisi, mchango wa umeme na maji, na hali ya chumba siku ya kuingia. Piga picha za ukuta na kitasa. Mapato ya pango yana kodi ya zuio ya asilimia 10, na mkataba una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Usiolipiwa stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi siku utakapouhitaji. Pitia ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutaja bei, maana mtu akishalipa miezi sita humpandishii tena.

Na hiyo miezi sita ndiyo mtego. Pesa inaingia kwa mkupuo, inakwenda ada na bati za choo, kisha mwezi wa pili unagundua hamuwezani. Kumtoa kabla ya muda ni kumrudishia miezi minne ambayo huna. Tenga angalau kodi ya miezi miwili usiiguse, au kwa mpangaji wa kwanza pokea miezi mitatu tu, mzoeane.

Akikataa kuondoka baada ya notisi, usimvunjie kufuli wala kung'oa bati. Baraza la kata litawapatanisha. Kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukimtolea vitanda nje mwenyewe, mlalamikaji atakuwa yeye, na wewe ndiye utakayeitwa kujieleza.