Picha ya macheo: toa joto la rangi kwenye otomatiki

Ukihariri picha ya mandhari ya macheo au machweo, kabla hujagusa kitu kingine toa joto la rangi (kipimo cha picha kuegemea manjano au buluu) kwenye otomatiki, uliweke karibu Kelvini 5500, yaani mwanga wa jua la mchana. Otomatiki huiona ile dhahabu kama kasoro na kujaribu kuifuta. Theluji ya Kilimanjaro ukiipiga kutoka Amboseli jua linapochomoza huwa na waridi, lakini programu inaweza kukurudishia nyeupe kama sahani. Ukifunga kwenye 5500, rangi iliyokuwepo inabaki. Hapo ndipo uinue vivuli, yaani ung'arishe sehemu za giza, tena kidogo: miti ya mbele ikishaonekana umbo, acha. Ukizidisha, chenga (vidoa vidogo kama mchanga) zinajitokeza (kuza hadi asilimia 100 utaziona), na picha inaanza kunuka kompyuta.

Hii ni ya faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. JPEG rangi yake imeshapikwa ndani ya kamera, utaisogeza kidogo tu kabla haijaharibika. Na kwenye kivuli au chini ya wingu zito, 5500 huleta ubuluu. Panda hadi 6500 au 7000.