Jinsi ya kutambua mwamba moto kwa nyundo na lenzi

Mwamba moto hutokea magma, yaani mwamba ulioyeyuka ndani ya ardhi, inapopoa na kuganda. Kuupa jina ni kujibu maswali mawili: uligandia wapi, na magma yake ilikuwa na silika (muungano wa silikoni na oksijeni) kiasi gani? La kwanza hujibiwa na ukubwa wa fuwele, la pili na aina ya madini. Rangi ije mwisho, maana ndiyo inayopotosha wengi.

Beba nyundo ya kilo 1, miwani ya kukinga macho, lenzi ya kukuza mara 10, kisu, maji na siki kidogo. Ndani ya hifadhi za taifa usivunje kitu. Omba ruhusa kwenye machimbo ya kokoto.

Anza kwa kupasua. Ganda la nje limeshaliwa na mvua na jua, na basalti, lava nyeusi iliyoganda, ikichakaa huweza kuwa nyekundu kama tofali. Ukipata uso mpya, uloweshe, weka lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe mpaka lionekane vizuri. Ukishika lenzi mbali na jicho, utaona eneo dogo mno.

Fuwele zikizidi milimita 5, magma ilipoa taratibu chini sana ardhini. Zikiwa chini ya milimita 1, kwa kawaida ni lava iliyomwagika juu. Za kati mara nyingi ziligandia ndani ya nyufa, karibu na uso wa dunia. Isipoonekana fuwele hata moja na jiwe linavunjika kama chupa, hiyo ni obsidiani, kioo cha volkano. Karibu na Naivasha ipo. Penye mtego ni lava za Kibo, kilele cha Kilimanjaro: zina fuwele za madini ya felspa zenye umbo la msambamba, nyingine zikifika sentimita kadhaa. Hizo zilianza kukua chini kabla ya mlipuko. Usipime hizo, pima chembe zinazozizunguka.

Sasa madini. Kwatzi ni ya kijivu, hupasuka bila nyuso bapa, na kisu hakiikwaruzi. Felspa ni nyeupe au waridi. Zungusha jiwe juani, nyuso zake bapa zitametameta. Ulanga hubanduka kwa ncha ya kisu. Kwatzi ikifikia angalau asilimia 20 ya madini ya rangi hafifu (kwatzi na felspa pamoja), jiwe la chembe kubwa ni itale, yaani graniti, kama majabali ya Mwanza. La chembe ndogo ni riolaiti. Silika hapo huzidi asilimia 63. Kati ya 52 na 63 kuna dayoraiti iliyogandia chini ardhini na andesaiti iliyomwagika juu. Kati ya 45 na 52, gabro ya chini na basalti ya juu. Chembe zikiwa ndogo mno kuonekana, jina lako ni la muda tu hadi maabara ipime. Na ile "graniti nyeusi" ya kaunta za jikoni? Mara nyingi ni gabro.

Makosa ya kawaida ni haya. Jiwe lenye mistari ya madini meupe na meusi kwa zamu ni naisi, mwamba geu (uliobadilishwa na joto na mgandamizo), hata likifanana na itale. Madoa meupe ya mviringo ndani ya basalti huenda ni matundu ya mapovu yaliyojaa kalsaiti, madini ya chokaa. Kwangua unga, dondoshea siki, na ikitoa povu si felspa. Fonolaiti, lava nyingine iliyoganda, kama ya uwanda wa Yatta nchini Kenya, hudhaniwa basalti kwa weusi wake, ila ina madini ya nefelini, na nefelini haikai pamoja na kwatzi.

Volkano ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, haingii kwenye kipimo hiki hata kidogo. Lava yake ya kabonati ya sodiamu karibu haina silika, hutiririka kwenye nyuzijoto za Selsiasi kati ya 500 na 600 hivi, kama nusu ya joto la lava ya basalti, na hutoka nyeusi kisha hugeuka nyeupe ikinyonya unyevu. Ukipewa sampuli mbichi, ifunge papo hapo kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa, la sivyo utakachofikisha maabara ni unga mweupe.