Kabla hujaweka Linux kando ya Windows

Kusakinisha Linux kwenye kompyuta yenye Windows siku hizi si kazi ngumu. Wengi wanaoumia wanaponzwa na yale waliyoyaruka kabla ya kuchomeka flashi yenye kisakinishi cha Linux. Na kama shida yako ni kuonjaonja tu, mashine pepe kama VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa kama programu ndani ya Windows, inatosha, wala haigusi mpangilio wa diski.

Ukiwa umeshaamua, anza na nakala za mafaili yako, na ziwe nje ya kompyuta hiyo. Kuhamishia vitu kwenye D hakusaidii, kwa sababu mara nyingi D ni kipande cha diski ileile utakayoigawa.

Linalofuata ndilo linalosahaulika zaidi: BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa usimbaji zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mpangilio wa kuwaka au ukizima Secure Boot (ulinzi unaoruhusu mifumo iliyoidhinishwa tu kuwaka), kesho yake Windows inaweza kukukaribisha kwa skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -status, uone hali ya diski. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo huo kwenye akaunti yako ya Microsoft, uunakili kwenye karatasi, uhakiki tarakimu moja moja. Kuuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo ni kazi bure.

Kisha zima Fast Startup. Tangu Windows 8, ukibonyeza kitufe cha kuzima, Windows haizimiki kabisa; huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwahi kuwaka. Ukiingia Linux wakati huo, sehemu ya Windows utaweza kuisoma tu, au itakataa kufunguka, na ukilazimisha kuandika humo unaweza kuharibu mafaili. Amri ya powercfg /h off inamaliza kesi, ingawa inaondoa na uwezo wa kulaza kompyuta usingizi mzito (hibernate). Mimi sioni kama ni hasara.

Nafasi ipunguze ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management, zana yake ya kugawa diski. Usishangae ikikupa kidogo kuliko ulichotarajia: kuna mafaili ya mfumo yasiyohamishika, na hata moja tu likikaa katikati ya diski, nafasi iliyo kabla yake haiwezi kukatwa. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, hupendekeza GB 25, lakini kwa matumizi ya kila siku ningetenga 50 au zaidi. Nafasi hiyo iache tupu, usiiformati.

Andika msinfo32 uone kama Windows inawaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta) au kwa njia ya zamani (BIOS), kisha hakikisha flashi nayo inawaka kwa njia hiyohiyo. Ukichanganya, mifumo yote miwili itakuwepo ila menyu ya kuchagua itakusumbua.

Flashi ikishakuwa tayari, jaribu Linux humo bila kusakinisha. Angalia waifai, sauti na kipanya mguso. Zaidi ya yote, angalia kama kisakinishi kinaiona diski. Kwenye baadhi ya kompyuta za Intel hakiioni kwa sababu ya RST, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski, na kuubadili kuwa AHCI, ule wa kawaida, bila kuiandaa Windows kwanza huifanya igome kuwaka.

Saa itapishana pia, kwa kuwa Windows huhesabu saa ya kompyuta kuwa ya mahali ulipo, wakati Linux huichukulia kuwa UTC, saa ya kimataifa. Hilo si tatizo la kukuzuia; ndani ya Linux, timedatectl set-local-rtc 1 inalinyoosha.

Tafuta na flashi ya pili, yenye kisakinishi cha Windows, uitengeneze sasa ambapo Windows bado inawaka.