Pesa ya ruzuku kabla ifike shule: mambo bodi na wazazi wanafaa kuweka sawa mapema

Huku kwetu Kisumu, kuanzia Nyando mpaka Nyakach, kuna shule za umma zenye zimechoka kweli, darasa halina sakafu, choo kilizama mafuriko yakipita na hakijajengwa tena, walimu hawatoshi. Shule kama hiyo ikisikia kuna ruzuku inakuja kila mtu anafurahi na ni haki yao, lakini naomba wanabodi na wazazi wenzangu tutulie kidogo kabla hiyo pesa iingie, juu ukaguzi wa serikali huwa unakuja nyuma ya pesa. Katiba kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha atoe ripoti, na mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, kwa hivyo kitu kikienda mrama Agosti utakisoma kwa ripoti karibu na Krismasi ya mwaka unaofuata, kontrakta ashahama na mabati yashauzwa. Na shule za umma nchi nzima ni zaidi ya 30,000, hakuna vile odita watafika kila moja kwa wakati. Sasa yale mnaweza kupanga kabla ndio hulinda watoto.

Anzeni na idadi ya watoto. Najua wengi wanaona hiyo ni kazi ya mwalimu mkuu na kompyuta yake, lakini pesa karibu yote inafuata hesabu hiyo: kapitesheni, yaani pesa ya serikali kwa kila mtoto, ya primari ni shilingi 1,420 kwa mwaka, sekondari ya chini (junia) 15,042, sekondari ya kutwa 22,244, na inatumwa kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20 kufuata mihula. 2025 ripoti maalum ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu ilionyesha kuna shule hazipo kabisa na zimelipwa, zingine zimepewa zaidi ya watoto walio nao, zingine zikapunjwa, na mwaka huo huo wizara ikaambia walimu wakuu wahakikishe upya idadi ya wanafunzi ndio pesa itoke. Kwa hivyo kaeni chini mlinganishe rejista ya darasa, watoto wenye wako darasani, na kile kiko kwa mtambo wa kompyuta wa wizara wa kusajili wanafunzi. Mkikuta mtoto alihama muhula uliopita na bado anahesabiwa, mtoeni. Mkikuta mtoto yuko darasani lakini hayuko kwa mtambo, mara nyingi shida ni cheti cha kuzaliwa, na hapa ndipo shule maskini huumia sana juu watoto wenye wanalelewa na nyanya, ama wazazi walishafariki, hawana cheti na hivyo hawaletei shule chochote. Mpeni chifu majina mapema awasaidie, msingoje wiki ya ukaguzi.

Halafu bodi yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka wawakilishi sita wa wazazi waliochaguliwa, watatu wa mfadhili wa shule kama vile kanisa, mmoja wa walimu na wengine wachache, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Angalieni kama muda wa bodi yenu haujaisha na kama waliochaguliwa walichaguliwa kweli ama waliitwa tu kwa simu. Bodi yenye uhalali wake una maswali ikipitisha matumizi ya ruzuku, odita akija kila uamuzi unakuwa na maswali pia. Na mwenye kontrakta ni shemeji yake aseme mapema, iandikwe kwa kumbukumbu za kikao, na atoke nje kura ikipigwa. Hakuna aibu kwa hiyo, aibu ni kunyamaza.

Mpango uandikwe kabla ya pesa, na hapa naongea kwa msisitizo. 2015 kulianza mradi wa PRIEDE kwa pesa za Global Partnership for Education, mfuko wa kimataifa wa elimu, kupitia Benki ya Dunia, ukachukua shule za msingi 4,000 zilizokuwa chini kwa KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, na shule ilitakiwa kwanza iandike mpango wa kuboresha shule ndio ipewe ruzuku. Mimi naona huo utaratibu ni mzuri hata kama hakuna mtoa pesa anayeudai, juu unalazimisha watu waulizane ni nini hasa kinafanya watoto wetu wasijue kusoma. Mara nyingi jibu sio geti jipya. Marekani nao 2009 waliongeza dola bilioni 3 kwa ruzuku za shule zilizokuwa mkiani kabisa, na tathmini yao ya 2017 ikaonyesha alama za hesabu na kusoma hazikupanda kwa kiwango cha maana. Sasa kwa huo mpango andikeni shida, kazi, nani anasimamia, itaisha lini, na mtajuaje imesaidia. Kurasa tatu nne zinatosha, bora kila mwanabodi awe anaelewa kilichoandikwa bila kusomewa.

Msipange kwa pesa yenye haijafika. Waziri wa Hazina John Mbadi mwenyewe alisema 2025 kwamba serikali inaweza kumudu karibu 16,900 kwa mwanafunzi wa sekondari badala ya ile 22,244, kwa hivyo mkikopa simiti kwa hadiweya mkitegemea fungu kamili mtabaki na deni, na deni hilo ndilo odita atakutana nalo akifungua faili.

Kama ruzuku ni ya kujenga, swali la kwanza ni ardhi. Shule nyingi za umma hazina hatimiliki, na kuna familia iliyotoa shamba miaka ya harambee na wajukuu sasa wanadai, hiyo itatueni kabla msingi uchimbwe. Kisha mwite afisa wa kazi za umma achore na apige hesabu ya vifaa, sio fundi wa kijiji peke yake, na kwa sehemu za Nyando mwambieni maji hufika wapi mvua ikinyesha ndio asije akaweka choo mahali kitazama tena.

Makaratasi sasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimeona wazee waaminifu kabisa, wenye hawakula hata shilingi, wakiitwa wezi juu hawakuweka karatasi. Kila mfuko ukae kwa akaunti yake, pesa ya junia isichanganywe na ya primari hata kama ni boma moja na mwalimu mkuu ni mmoja. Fungueni faili ya ruzuku siku barua inafika: barua yenyewe, kumbukumbu za kikao kilichopitisha matumizi, kotesheni zisizopungua tatu kutoka kwa maduka matatu yenye yako kweli, oda, karatasi ya kupokea vifaa yenye sahihi ya mtu wa stoo, cheti cha afisa wa kazi za umma kabla ya malipo, risiti, na stetimenti ya benki kila mwezi. Hundi isisainiwe ikiwa tupu ati juu mwenyekiti anasafiri Nairobi.

Wazazi wajulishwe kwa lugha wanaelewa. Bandikeni kwa ukuta wa ofisi kiasi kilichoingia, tarehe, na kimetumika wapi, na mseme hivyo hivyo kwa baraza la chifu kwa Kijaluo ama Kiswahili, juu mama wa mboga hatakuja ofisini kusoma.

Na bodi isingoje odita wa wizara aje kwa kushtukiza, iandikie ofisi ya elimu ya sub-county imwalike mapema aangalie vitabu kazi ikiwa nusu, hapo makosa bado yanarekebishika. Mzazi akinyimwa habari aandike barua kwa mwalimu mkuu akitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kumjibu, na asipojibiwa apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Akiwa na ushahidi kuwa pesa imeibwa, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, wana ofisi hapa Kisumu mjini, aende na nakala za makaratasi na abaki na zake nyumbani.