Somo: Jinsi ya kuona GM-CSF inavyobadilisha vipokezi kwenye seli nyeupe za damu

Wakuu habari za jioni. Wale wa maabara mlionisumbua inboksi, somo ndo hili, chukueni daftari.

Kwanza tuwekane sawa. Watu wengi wakisikia vichocheo vya ukuaji wanadhani kazi yake ni kuzalisha seli tu kule kwenye uboho. Hiyo ni nusu ya habari, maana hata seli iliyokomaa tayari inayozunguka kwenye damu ikikutana na GM-CSF, ambayo ni mojawapo ya vichocheo hivyo, inabadilika uso. GM-CSF inashika kipokezi chake (protini ya usoni mwa seli inayopokea ujumbe) chenye vipande viwili, CD116 na CD131 (CD na namba ni majina ya protini za usoni mwa seli), ujumbe unapita ndani kwa njia ya JAK2 na STAT5, protini za kupitisha ujumbe ndani ya seli, afu vipokezi vingine vinapanda na vingine vinashuka.

Kuna mabadiliko ya haraka na ya polepole, hapa ndo wengi wanachanganya. Chukulia duka la Makoroboi hapa Mwanza: kuna mzigo upo stoo nyuma, dakika chache uko mbele ya wateja, na kuna mzigo mpaka uagizwe Dar. CD11b ya nyutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe) ipo stoo, imehifadhiwa kwenye vichembe ndani ya seli, kwaiyo inapanda ndani ya nusu saa. CD64 ni ya kuagiza, jini iwashwe, protini itengenezwe, hapo unahesabu masaa. Leo tunafanya ya haraka.

Hatua ya 1. Kibali cha maadili na ridhaa ya mtoa damu. Hii haina mjadala.

Hatua ya 2. Toa damu kwenye chupa ya hepari (dawa ya kuzuia damu kuganda), yenye mfuniko wa kijani, usitumie ya zambarau maana EDTA, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo humo, inanyonya kalsiamu na seli inaihitaji ili ijibu vizuri. Na fanya mapema. Damu iliyorushwarushwa kwenye bodaboda toka Kisesa mpaka hospitali ya Bugando kule mlimani saa saba mchana, nyutrofili zake zinafika zimeshakasirika zenyewe.

Hatua ya 3. Gawa kwenye tyubu tatu. Ya kwanza inakaa kwenye barafu muda wote. Ya pili inaenda nyuzi 37 bila kitu. Ya tatu nyuzi 37 na GM-CSF, nanogramu 10 kwa mililita inatosha, dakika 30. Kuna watu wanaruka ile ya barafu eti kubana matumizi, mi naona bora usifanye kabisa, kwa sababu joto peke yake linapandisha CD11b, sasa utajuaje kilichofanya kazi ni joto au ni GM-CSF?

Hatua ya 4. Rudisha zote kwenye barafu, weka antibodi (protini zinazonasa) za CD11b na CD62L zenye rangi tofauti zinazotoa mwanga, nusu saa gizani. Pasua chembe nyekundu, osha, peleka kwenye flo saitometa, mashine inayopima mwanga wa seli moja moja.

Hatua ya 5, kusoma. Usiangalie asilimia! Karibu kila nyutrofili ina CD11b tangu mwanzo, kwaiyo asilimia itabaki palepale na utasema jaribio limefeli. Angalia ukali wa mwanga. Tyubu ya tatu CD11b itapanda, CD62L itashuka, na hiyo CD62L haijarudi ndani, imekatwa na kimeng'enya ikadondoka nje ya seli.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu, nitajuaje GM-CSF yangu haina uchafu wa bakteria? Nasikia nao unafanya hivyohivyo.
Jibu: Swali zuri sana hili. Chemsha kiasi kidogo afu rudia jaribio. GM-CSF ni protini, ikichemka inakufa, ila sumu ya bakteria inavumilia moto. Ukiona CD11b bado inapanda basi ulichokuwa unapima ni uchafu.

Dada wa Nyakato: Kaka, kwaiyo hizi dawa za GM-CSF zinaweza kupandisha CD4 ya mgonjwa wa kliniki?
Jibu: Hapana dada, tusichanganye. Kipimo cha CD4 kinahesabu seli ngapi zenye CD4 zipo kwenye maikrolita moja ya damu, hakipimi kila seli imebeba vipokezi vingapi. Kinachopandisha hizo seli ni ARV zinywewe bila kuruka.

Mwanafunzi, Nyegezi: Tunapima CD64 ya nyutrofili kutafuta maambukizi, mgonjwa mmoja wa saratani imepanda sana lakini homa hana kabisa. Mashine mbovu?
Jibu: Kabla hamjailaumu mashine, muulizeni daktari wa wodi kama kachomwa filgrastimu na lini. Hiyo ni G-CSF, kichocheo kingine cha ukuaji, na yenyewe inapandisha CD64 ya nyutrofili bila mdudu yeyote kuwepo. Kama kachomwa, hiyo namba peke yake haiwaambii kitu, angalieni kolcha ya damu (kuotesha damu kutafuta wadudu) na hali ya mgonjwa.